Diski ya 2008 bado inazunguka, ya mwaka jana imekufa na harusi tatu ndani. Vitu vya siku hizi vina nini?

MzeeWaLenzi

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya pili hii nikaona nilete hapa maana humu kuna mafundi na kuna watu waliosomea haya mambo.

Mimi napiga picha na video za harusi hapa Morogoro, mwaka wa kumi na saba sasa. Kompyuta yangu ya kwanza nilinunua mtumba 2008 ikiwa na diski ya GB 80, na hiyo diski hadi leo ninavyoandika iko mezani inawaka, nimeweka fonti na nyimbo za kuedit. Imekula vumbi la Kihonda, imehama na mimi nyumba tatu kwenye guta, umeme umekatika ikiwa kazini mara ambazo siwezi kuhesabu na haina hata UPS (ile betri ya kushika kompyuta umeme ukikatika). Ukiiwasha inapiga kelele kama cherehani halafu inatulia inafanya kazi.

Mwaka jana nikanunua diski ya nje TB 2, mpya, boksi na nailoni yake, risiti ninayo. Imekaa miezi kumi na minne tu. Wiki mbili zilizopita nimeichomeka taa ikawaka, halafu nikasikia tik... tik... tik... kimya... vrrr... tik. Nikaweka sikio juu yake kabisa. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kufomati, nikabonyeza hapana, ikapotea kwenye skrini. Nikachomoa nikachomeka, ile ile. Mle ndani kuna harusi tatu sijakabidhi, moja ya Ifakara, moja ya Kilosa, moja ya hapa hapa mjini, na kadi za kamera nilishazifuta kwa sababu kadi ninazo nne tu na kila Jumamosi kuna shughuli.

Nimerudi dukani, kijana ananiambia mzee waranti ni mwaka mmoja, umeshapitisha miezi miwili. Na hata ningekuwa ndani ya mwaka wangenipa diski nyingine tupu, harusi za watu wangezitoa wapi. Bwana harusi wa Kilosa nimemrudishia nusu ya hela. Wa Ifakara nimemfuata hadi kwao nikawa naomba wageni video za kwenye simu, shangazi mmoja alikuwa na dakika nne za wakati wa kutunza, mwingine kapiga keki tu, na zile zilizopita WhatsApp zimebanwa hadi sura hazieleweki. Inauma jamani.

Nikiangalia nyumbani naona ni hivyo hivyo. Redio ya marehemu baba inashika stesheni mpaka kesho, imefungwa kwa mpira wa baiskeli lakini inaongea. TV ya LED niliyonunua 2021 ilikata mwanga 2023, sauti ipo picha hakuna. Pasi nimebadilisha tatu ndani ya miaka minne. Naomba mniambie, hivi vitu vinatengenezwa vife makusudi au ni sisi hatujui kutunza? Nataka jibu la kweli, sitaki la kunituliza.

Kitochi3310

Pole sana mkuu, mimi diski yangu ilifanya hivyo hivyo nikaambiwa niifunge kwenye mfuko niiweke friza usiku kucha. Jaribu, huna cha kupoteza.

FundiBodi

Mkuu Kitochi nakuheshimu lakini hilo la friza aliache kabisa kabisa, na anacho cha kupoteza, kuna harusi tatu mle. Ukitoa kitu cha baridi kwenye joto letu hili kinatoka jasho, umeona chupa ya soda inavyolowa? Sasa hayo maji yakikaa juu ya sahani za diski umemaliza. Kichwa kinachosoma hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, na unywele wako wa kichwani una unene wa nanomita kama 80,000. Tone la umande mbele yake ni mlima.

MzeeWaLenzi, mimi nipo Kariakoo nafanya bodi za simu, laptopu na diski. Kwanza usiichomeke tena. Kila ukiichomeka inagonga, na kama vichwa vimelegea vinaweza kuchubua sahani, na sahani ikishachubuka hakuna fundi duniani wa kurudisha ule unga. Pili nijibu, pale inapoingia kebo pamelegea? Ukitikisa waya kidogo taa inacheza?

Nauliza kwa sababu ile sauti ya tik siyo kila mara ni vichwa. Diski ndogo za nje zinakula umeme wa kwenye USB peke yake. Tundu la USB la zamani kwa kiwango chake linatoa miliampia 500, lile la bluu linatoa 900, na diski ikianza kuzunguka ndipo inapokula sana. Waya ukiwa mrefu au wa bei rahisi, au umepitisha kwenye kigawanyio cha matundu manne, mota inaanza kuzunguka inakosa nguvu inazima, inaanza tena, na wewe unasikia tik tik ile ile. Nimeletewa diski nyingi watu wanalia kumbe ni waya.

MzeeWaLenzi

Pamelegea fundi. Tangu mwezi wa saba nilikuwa naweka kipande cha karatasi chini ya kebo ndiyo inashika. Nilibadilisha waya mara mbili. Sikujua kama lile ni tatizo kubwa, niliona ni waya tu umechoka.

SevaUsiku

Pole sana ndugu. Niko Nairobi, nafanya shift kwa chumba cha seva, zile kompyuta kubwa za kuhifadhi data, tuko na diski mingi sana hapa na ni sisi hubadilisha zikikufa. Nitasema kitu hutapenda lakini uliuliza ukweli.

Hiyo diski yako ya 2008 haithibitishi kitu. Zile diski zingine zilizotengenezwa nayo mwaka huo ziko wapi? Ziliharibika zikatupwa na hakuna mtu anafungua uzi juu ya diski iliyokufa 2010. Wewe unaona tu iliyobaki. Hata hizo za zamani zilikuwa na misiba yake. IBM walitoa Deskstar 75GXP mwaka 2000, zikawa zinakufa hadi watu wakaziita Deathstar, wakashtakiwa 2001, na baadaye IBM wakauzia Hitachi biashara yote ya diski.

Kuna kampuni ya California inaitwa Backblaze, inahifadhi data za watu na tangu 2013 wanatoa hesabu ya diski zao zinavyokufa. Mwaka wa 2013 waliandika kwamba zao zilikuwa zinakufa asilimia 5.1 kwa mwaka kwa ule mwaka na nusu wa kwanza, halafu zinatulia asilimia 1.4 mwaka na nusu unaofuata, halafu zikipita miaka mitatu zinapanda asilimia 11.8. Yaani kama 80 katika 100 ndizo zilifika miaka minne. Sasa angalia 2020, asilimia 0.93. 2023 ni 1.40, na 2024 ni 1.57. Kwa hiyo ukiniuliza kama diski zinazidi kuwa mbovu, hesabu inasema hapana.

MzeeWaLenzi

Ndugu yangu wa Nairobi nashukuru, lakini hizo diski zako zipo chumba chenye AC, umeme wake haukatiki, na hakuna anayezitia kwenye begi kupanda nazo bodaboda kwenda Kilosa. Mimi nimeuliza diski wanayoniuzia mimi. Hiyo unayohesabu wewe dukani kwetu hata haiji.

SevaUsiku

Hapo umenishika na nimefikiria usiku wote, uko sawa na nitakuonyesha ni kwa nini.

Hizo diski za Backblaze za 2013 nyingi zilikuwa za kawaida, zile zile zinauzwa kwa mtu wa nyumbani. Thailand ilikuwa imefurika maji Oktoba 2011, viwanda vikafungwa, bei ikapanda vibaya, hao jamaa wakawa wanaenda supamaketi kununua diski za nje, wanabomoa ganda wanatoa diski ya ndani wanaiweka kwa seva. Siku hizi wanatumia kubwa za daraja la seva. Kwa hiyo ile asilimia kushuka haimaanishi diski yako wewe imekuwa bora, inamaanisha pia wao wameacha kununua ya aina yako. Hapo nilikosea kukupea hizo namba bila kueleza.

Na ukitaka kujua kampuni yenyewe inaamini diski yake itaishi muda gani, soma waranti, usisome tangazo. Baada ya yale mafuriko, mwisho wa 2011, Seagate walitangaza kushusha waranti ya baadhi ya diski za mezani hadi mwaka 1, na Western Digital (WD) wakashusha za Blue na Green kutoka miaka 3 hadi 2. Baadhi ya za seva zikabaki 5. Maxtor ilikuwa imeshanunuliwa na Seagate 2006, za Samsung zikaenda Seagate, Hitachi ikaenda WD 2012, wakabaki watatu tu na Toshiba. Ukikasirika na mmoja unaenda kwa nani?

FundiBodi

Naongezea hapo kwa SevaUsiku maana amefika penyewe.

Diski nyingi za nje za siku hizi za TB 1 kwenda juu zinaandika kwa mtindo wa kulaliana, fikiria paa la makuti. Kuti moja linalalia jingine ili paa lote liingie makuti mengi. Njia za data nazo hivyo hivyo zinalaliana, ndiyo maana wameweza kuingiza TB 2 kwenye kitu cha kutia mfukoni na bei ikawa ndogo. Lakini ukitaka kubadilisha kuti moja la katikati lazima uinue yaliyolilalia. Diski ikitaka kubadilisha njia moja inabidi isome na kuandika upya zilizo jirani, kwa hiyo hata ukimaliza kukopi faili zako yenyewe bado inapanga panga mambo yake kimya kimya, na wewe ukaona baa imefika mwisho ukachomoa. Mwaka 2020 WD walikutwa wameweka mtindo huu kwenye diski za Red za kuhifadhia data za mtandao bila kuwaambia wanunuzi, watu wakalalamika wakashtaki, ndipo wakatenganisha Red na Red Plus.

Sasa MzeeWaLenzi, kitu kinachoniuma mimi kama fundi. Mwaka 2007 mteja aliniletea diski ya GB 40 imeungua bodi kwa umeme mkubwa. Nikaenda kununua nyingine ya modeli ile ile iliyokufa kwa sababu nyingine, nikafungua skrubu, nikahamisha bodi, nikachomeka, ikaamka, data zote zipo. Kazi ya nusu saa. Leo ukifanya hivyo haiamki, kwa sababu kila diski ina chipu ndogo kwenye bodi yenye vipimo vyake peke yake vilivyopimwa kiwandani, lazima uing'oe hiyo chipu kwa hita uihamishie. Na kwenye diski za nje nyingi lile tundu la USB limechomelewa moja kwa moja kwenye bodi ya diski, hakuna mdomo wa SATA ndani kama zamani ambapo ulikuwa unavunja ganda unachukua diski unaipachika kwenye kompyuta maisha yanaendelea. Zaidi ya hapo kwenye baadhi chipu ya USB inafunga data kwa fumbo hata kama hujaweka neno la siri. Yaani tundu la kebo la bei ya maandazi likilegea, linachukua na harusi.

Kwa hiyo swali lako la "makusudi au bahati mbaya" mimi nalijibu hivi: sijaona diski iliyopangiwa tarehe ya kufa. Nimeona diski zilizopangwa zisifunguke.

BintiWete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Pole sana kaka wa Morogoro, Mungu akufanyie wepesi.

Mie nauza barafu za ukwaju na malai hapa Wete, friji ndiyo shamba langu. Nilikuwa na friji la mtumba la Ulaya, lile lenye mabomba meusi nyuma yanayoonekana, nimelikuta na umri wake na kwangu likakaa miaka kumi na moja. Likivuja gesi fundi anakuja, anapaka povu la sabuni kwenye bomba, anaona pale panapochemka, anaziba, anajaza, jioni nagandisha. Watu wakanambia nunua jipya dada utaokoa umeme. Nikanunua. Kweli umeme lilikula mdogo, hilo silifichi. Mwaka wa tatu likaacha kugandisha. Fundi kaja na sabuni yake, kazunguka friji zima, hakuna bomba. Mabomba yamezikwa ndani ya ukuta kwenye sponji. Akanambia dada, linavuja ndani, siwezi kufika, nikikata ukuta nalimaliza. Nimelisimamisha ukumbini naweka vyombo.

Hiyo sauti ya fundi anaposema siwezi kufika, ndiyo hiyo hiyo aloisema FundiBodi. Na sisi huku chumvi ya bahari inakula kila chuma, kitu kisichofunguka hakikai.

ChogoMpakaFlati

Nami nichangie upande wa TV maana mwanzisha uzi ameitaja. Sauti ipo picha hakuna, ukimulika tochi kwenye kioo unaona picha kwa mbali sana, siyo? Hizo ni taa za nyuma zimeungua. Ndani kuna mistari ya taa ndogo za LED, zimepangwa mfululizo, ikikata moja mstari mzima unazima na TV inajilinda.

Kwa nini zinaungua mapema? Kwa sababu kiwandani wanataka TV ing'ae dukani kuliko ya jirani, wanazipitishia moto mkubwa karibu na mwisho wa uwezo wake, halafu zimebandikwa kwenye bati jembamba joto halina pa kwenda, na mteja anaacha mwanga kwenye 100 tangu siku ya kwanza. Mimi nikibadilisha taa huwa naingia kwenye bodi nashusha ule moto kwa kubadilisha rezista, TV inapungua mwanga kidogo mteja hata haoni, na hairudi haraka. Hakuna siri nyingine. MzeeWaLenzi kama hiyo TV hujaitupa usishushe bei kwa mtu yeyote akikwambia imekufa, haijakufa, taa zake zinapatikana. Na ukiwasha ikipona weka mwanga 50 au 60.

Cha pili ni kapasita, vile vipuri vya bodi vinavyotunza umeme kwa muda. Zile za maji ndani zina umri ulioandikwa na kiwanda, kwa mfano masaa 2,000 kwa nyuzi 105, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila ukipunguza joto nyuzi 10 umri unakuwa kama mara mbili. Sasa wewe fungua ving'amuzi na redio za siku hizi, kapasita imewekwa imebanana na bati la moto. Ukiisogeza sentimita mbili tu ingeishi. TV ya chogo ilikuwa na nafasi ndani hata panya anazaa, hewa inapita.

Mzaramo_Leipzig

Wakuu niko Ujerumani. Kuhusu makusudi, ipo kesi moja ya kweli kabisa na ina karatasi zake. Mwaka 1924 kampuni kubwa za balbu, Osram, Philips na washirika wa General Electric, walikaa Geneva wakaunda umoja ukaitwa Phoebus, wakakubaliana balbu isizidi masaa 1,000. Kabla ya hapo zilikuwa zinafika 1,500 hadi 2,000. Kiwanda ambacho balbu zake ziliishi muda mrefu kilitozwa faini. Kwa hiyo asije mtu akasema haya ni maneno ya vijiweni.

Kwa sasa Ulaya wameanza kubana. Ufaransa kuanzia Januari 2021 kitu kama laptopu lazima kibandikwe alama ya jinsi kinavyotengenezeka, kati ya 0 na 10, unaiona pale pale pembeni ya bei. Apple walitozwa huko euro milioni 25 Februari 2020 kwa kutowaambia watu kuwa sasisho linapunguza kasi ya simu zenye betri iliyochoka. Na kuanzia 20 Juni 2025, simu mpya inayoingia soko la Umoja wa Ulaya lazima vipuri vyake vipatikane miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa, na betri ibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mizunguko 800. Februari 2027 inakuja sheria ya betri inayotolewa na mwenye simu mwenyewe.

Nawaambia haya kwa sababu simu nyingi ni modeli zile zile zinazokuja huko. Kipuri kikilazimishwa kuwepo huku, fundi wa Kariakoo naye atakipata. Lakini diski hazimo kwenye hiyo orodha ya simu, na hapo ndipo naona pengo.

ChogoMpakaFlati

Mkuu wa Leipzig hilo la Phoebus ni kweli lakini tuwe wa haki, balbu ya waya ukiifanya iishi sana inabidi waya usiwake sana, mwanga unakuwa mwekundu mwekundu na umeme unakwenda. Kulikuwa na sababu ya kifundi ndani yake. Ubaya wao ni kukubaliana na kutozana faini, hapo ndipo walipoiba.

Mjukuu_wa_Kagera

Samahani nichomekee, kwa nini asinunue tu SSD? Haina kitu kinachozunguka, haina tik tik. Mimi nilihama tangu 2019.

FundiBodi

SSD ni nzuri kwa kufanyia kazi, ikianguka chini haisikii. Ila usidhani haichoki. Kila chembe ya ndani ina kikomo cha mara za kuandikwa halafu inachoka. Za zamani kabisa zilizokuwa zinaweka biti moja kwa chembe zilivumilia kuandikwa kama mara 100,000. Wakaanza kubananisha, biti tatu kwa chembe, sasa nne, na uvumilivu umeshuka hadi maelfu machache, na zile za nne chini zaidi. Kampuni moja hiyo hiyo, Samsung, SSD yao ya 860 EVO ya TB 1 waliipa dhamana ya kuandika TB 600, ile ya bei rahisi ya 860 QVO ya TB 1 hiyo hiyo wakaipa 360. Kwa mtu wa kuandika barua hafiki huko maisha yake yote. Kwa mtu wa video kila wiki, afanye hesabu.

Na SSD ikifa mara nyingi haikuiti. Diski ya kuzunguka mara nyingi inakupigia kelele, inakuwa nzito, inakupa muda wa kukimbia. SSD unaweza kuiacha usiku ikiwa nzima, asubuhi haipo. Novemba 2019 HPE, kampuni ya kutengeneza seva, walitoa tangazo kwamba baadhi ya SSD zao za seva zikifikisha masaa 32,768 ya kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na masaa 8, zinakufa papo hapo na data haitoki, kwa kosa la hesabu kwenye programu ya ndani. Walitoa marekebisho, lakini ambaye hakusoma tangazo na alinunua zote siku moja, zote zingeondoka saa moja.

Na usiiache SSD kabatini bila umeme mwaka na zaidi ukasema hiyo ndiyo akiba ya harusi za watu. Chaji ya ndani inavuja taratibu.

SevaUsiku

Ongeza hii pia. Kuna utafiti wa Google wa 2007 juu ya diski zao nyingi, ulipata kwamba diski ikijikagua uso wake na kukuta kosa la kwanza, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unapanda mara 39. Kwa hiyo ukiona SMART (ile rekodi ya afya ambayo diski inajiandikia yenyewe) imeandika sekta mbovu, yaani kipande kisichosomeka, hata moja usiambiwe ni kidogo, toa vitu siku hiyo hiyo.

Na mkinunua diski "mpya" bei ya kutupa, pimeni. Januari 2025 kule Ujerumani watu walinunua za Seagate kwa maduka wakidhani ni mpya, kumbe zilikuwa zimechapa kazi maelfu ya masaa kuchimba sarafu ya mtandaoni ya Chia, mtu amefuta masaa ya SMART yakawa sifuri. Ziligunduliwa kwa rekodi ya pili ya ndani inayoitwa FARM ambayo hawakuifuta. Kama ilifika huko kwenye sheria zote zile, huku kwetu ni rahisi zaidi. Na zile flashi za TB 2 za barabarani msiguse, ndani unaweza kukuta ni GB 32 iliyodanganywa, inakubali kukopi halafu inaandika juu ya vitu vyako vya mwanzo. Ijaze yote kwa programu ya H2testw halafu isome tena, utaona.

MzeeWaLenzi

Wakuu narudi na taarifa, nimechelewa kwa sababu nilipanda basi mwenyewe kuileta Dar, sikutaka kuituma kwenye kifurushi.

FundiBodi ameifungua mbele yangu. Amenionyesha kwa kioo cha kukuzia, pini mbili za tundu la USB zilikuwa zimeachia kwenye bodi, ule ufa ni mwembamba kama uzi wa buibui, mimi kwa macho yangu nisingeuona. Hakulazimisha, kaweka risasi mpya pini moja moja, kalisimika tundu jipya, halafu akaipa umeme kutoka kwenye mashine yake ya kupima siyo kwenye kompyuta. Ikazunguka. Ilizunguka bila kugonga! Nilishika meza.

Ila siyo nzima. Ile kukatika katika ya tangu mwezi wa saba, na mimi na karatasi yangu, ilikuwa inaikata katikati ya kuandika, kwa hiyo kuna sehemu hazisomeki. Akanikataza nisifungue folda nikaanza kukopi harusi moja moja kama nilivyokuwa nimejipanga. Amenifundisha programu inaitwa ddrescue, inachukua diski nzima kama ilivyo kuipeleka kwenye diski nyingine, ikikuta pabovu inaruka inaenda kuchukua kwanza pazima, inaandika kwenye faili la ramani ni wapi imeruka, halafu mwisho ndiyo inarudi kukwangua pale pabaya kidogo kidogo. Kanitoza elfu thelathini, nikampa arobaini.

Nimerudi Moro nimenunua UPS na diski mbili. Mbili, kila kazi inakaa kote kote kabla sijafuta kadi, na nimeongeza kadi nne nyingine. Nimeuza lenzi moja kupata hiyo hela.

Leo ni siku ya tano inakopi. Inakwenda MB 3 hadi 4 kwa sekunde, kuna mahali inakwama dakika kumi nzima halafu inasonga. Juzi umeme ulikatika masaa mawili UPS ikaisha, nikawasha upya ikaendelea pale pale ilipoishia kwa sababu ya ile ramani. Imefika asilimia 71. Nimeielekezea feni, na nimemwomba mama watoto asipige pasi kwenye ule waya mpaka iishe. Bwana harusi wa Kilosa amenipigia asubuhi, nimemwambia anipe hadi Ijumaa.